Ukigawanya kwa x jibu linapotea, ukiweka kipeo cha pili linaongezeka. Nani anaweza kunielewesha?

#1 Mdadisi77
Wakuu, habari. Mdogo wangu kaniletea kazi yake ya nyumbani iliyosahihishwa, aljebra na mantiki karatasi moja, anataka nimweleze alama zilikopotelea. Nimekwama.

Swali la 1: Tafuta x ikiwa x² = 5x. Kagawanya pande zote kwa x, kapata x = 5. Kapewa nusu ya alama.

Swali la 2: Tafuta x ikiwa √(x + 6) = x. Kaweka kipeo cha pili pande zote, ikawa x² − x − 6 = 0, akatenganisha (x − 3)(x + 2) = 0, majibu 3 na −2. Mwalimu kakata −2 bila kuandika neno.

Swali la 3: Andika KWELI au SI KWELI.
a) Kama namba inagawanyika kwa 4, basi inagawanyika kwa 2.
b) Kama namba inagawanyika kwa 2, basi inagawanyika kwa 4.
c) Kama 7 ni namba shufwa, basi 7 ni kubwa kuliko 100.
Dogo kajibu kweli, si kweli, si kweli. Ya c kawekewa kosa. Yaani mwalimu anadai c ni KWELI!

Sote tulifundishwa kwamba ukifanya jambo lile lile pande zote mbili, mlinganyo haubadiliki. Sasa mbona la 1 limepoteza jibu na la 2 limeongeza? Na hiyo 3c nani ataitetea bila kucheka?

#2 Mtu wa Nyuma
Naweka kambi hapa. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani siku walipoingiza herufi.

#3 Chaki Nyeupe
La 1 halina mjadala. Kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Hujui x ni ngapi, kwa hiyo ukigawanya kwa x umeshakubali kimyakimya kwamba x si sifuri. Kumbe sifuri nayo ni jibu: 0² ni 0, na 5 × 0 ni 0.

Hamishia vyote upande mmoja: x² − 5x = 0. Toa x nje: x(x − 5) = 0. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Basi x = 0 au x = 5. Nusu ya alama ni haki yake.

#4 Mzee wa Kanuni
Mwambie dogo asione haya. Al-Khwarizmi mwenyewe, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, aliigawa milinganyo katika aina 6, na ya kwanza ni hii hii. Mfano wake: kipeo cha pili kilicho sawa na vipeuo vyake vitano. Jibu alilotoa ni kipeuo 5 na kipeo 25. Sifuri hakuitaja kabisa.

#5 Mtu wa Nyuma
Kwa hiyo baba wa aljebra naye nusu ya alama. Nimefarijika sana.

#6 Shufwa
Mzee #4, kama ndiye aliyeanzisha haya mambo ya x, ilikuwaje asione kwamba x = 0 inaingia?

#7 BintiHesabu
Shufwa, mambo ya x hakuyaanzisha yeye. Aliandika kila kitu kwa maneno, hata namba. Alama ya = aliileta Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, na desturi ya kutumia x, y, z kwa kisichojulikana inatokana na Descartes, mwanahisabati Mfaransa, 1637.

Wala hakukosea. Hesabu zake alizithibitisha kwa michoro ya miraba, yaani kipeuo ni upande wa mraba wenye urefu. Mraba wa upande sifuri haupo. Swali la dogo halikusema x ni urefu wa kitu, kwa hiyo sifuri inaingia. Mlinganyo ule ule, majibu tofauti, kutegemea x imeruhusiwa kuwa nini. Mimi ningemlaumu mtunga swali kwa kutosema hilo kabla sijamlaumu dogo.

#8 Mabano
Ngojeni, la 2 mwalimu ndiye kakosea. Weka x = −2: √(−2 + 6) = √4, na √4 ni +2 na −2. Hiyo −2 imo ndani. Dogo akadai alama yake.

#9 Chaki Nyeupe
Hapana Mabano. Alama √ inatoa namba moja tu, isiyo hasi. √4 ni 2, imeisha hiyo. Chenye majibu mawili ni x² = 4, ndiyo maana tunaandika x = ±√4. Kama √ ingekuwa tayari imebeba alama zote mbili, hiyo ± tungeiweka ya nini?

#10 Mabano
Mimi nilifundishwa 4 ina vipeuo viwili vya pili. Sitabadilisha leo.

#11 BintiHesabu
Na ni kweli inavyo viwili, 2 na −2. Ila alama √4 imeteuliwa kuwakilisha kimoja, kile kisicho hasi. Ni makubaliano, lakini si ya bure. Mabano, nijibu: √4 + √9 ni ngapi kwako? 5, 1, −1 au −5?

#12 Mabano
Zote nne. Na nadai alama nne.

#13 Mtu wa Nyuma
Hapo ndipo ninapompenda Mabano.

#14 Kalamu Nyekundu
Mnaparaza pembeni. Rudini kwenye sentensi ya mleta mada: "ukifanya jambo lile lile pande zote mbili, mlinganyo haubadiliki." Unabadilika! Kinachobaki ni kwamba pande mbili bado ni sawa. Orodha ya majibu haijaahidiwa kubaki.

Kila mstari wa aljebra ni kauli ya "kama... basi". Kama √(x + 6) = x, basi x + 6 = x². Hiyo ni kweli. Geuza sasa: kama x + 6 = x², basi √(x + 6) = x? Hapana, kwa sababu x inaweza kuwa hasi, na −2 imepenyea hapo. Mshale unakwenda mbele tu, haurudi. Kwa hiyo ulichopata mwishoni ni namba zinazoweza kuwa majibu, na lazima uzirudishe kwenye mlinganyo wa kwanza moja moja. Kuhakiki katika maswali ya namna hii si usafi wa kazi, ni nusu ya kazi yenyewe.

La 1 ni upande wa pili wa jambo hilo. Kama x = 5, basi x² = 5x: kweli. Kama x² = 5x, basi x = 5: si kweli. Mshale unarudi nyuma tu, na dogo kaenda nao mbele. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya kwa namba ambayo una hakika si sifuri, hapo mishale ipo yote miwili na huna cha kuogopa.

Tazameni 3a na 3b. Kutoka 4 kwenda 2 inawezekana, kurudi haiwezekani. Mwalimu aliyepanga karatasi hiyo hakubahatisha. Maswali matatu, jambo moja.

#15 Mdadisi77
Kalamu, hii nimeipenda. Kumbe 3a na 3b zinahusiana na la 1!

#16 Shufwa
Nzuri, ila Chaki #3 anasema mchawi ni sifuri na Kalamu #14 anasema mshale. Yupi ni yupi? Nawapa hii: x/(x − 2) = 2/(x − 2). Nikizidisha pande zote kwa (x − 2) napata x = 2. Sikugawanya, sikuweka kipeo.

#17 Chaki Nyeupe
Umezidisha kwa sifuri bila kujijua. Ukizidisha kwa sifuri kila kitu kinakuwa sawa na kila kitu: 3 × 0 = 8 × 0. Hapo x = 2 inaifanya asili ya sehemu (ile ya chini) iwe sifuri, kwa hiyo mlinganyo hauna jibu. Mchawi ni yule yule.

#18 Kalamu Nyekundu
Sifuri ni sababu mojawapo ya mshale kutorudi. Sababu mojawapo tu. Kwenye swali la 2 sifuri haipo popote na tatizo lipo.

#19 Chaki Nyeupe
Ipo, imejificha. Ukiwa na a = b, yaani a − b = 0, ukaweka kipeo cha pili unapata a² − b² = 0, ambayo ni (a − b)(a + b) = 0. Maana yake umezidisha kwa (a + b). Sasa a ni √(x + 6) na b ni x. Weka x = −2: a + b = 2 + (−2) = 0. Umezidisha kwa sifuri tena.

#20 BintiHesabu
Duh. Chaki, hiyo sikuwahi kuiona imewekwa hivyo. Heshima.

#21 Kalamu Nyekundu
Imekaa vizuri, nakubali. Lakini haifiki kote. Chukua a na b ziwe pembe. Kama a = b basi sini ya a (ile sin ya trigonometria) ni sawa na sini ya b. Kurudi hakuna: nyuzi 30 na nyuzi 150 zote sini yake ni 0.5. Nani kazidisha kwa sifuri hapo?

#22 Chaki Nyeupe
Dogo hajafika kwenye sini. Usimwongezee mzigo ili ushinde ubishi.

#23 Mtu wa Nyuma
Mpira umetolewa nje.

#24 Mdadisi77
La 1 na la 2 zimekaa. Lakini 3c naona mmeiruka.

#25 BintiHesabu
Ichukulie kama ahadi. Nikikwambia "kesho mvua ikinyesha nitabaki ndani", na mvua isinyeshe, basi nikitoka au nisitoke huwezi kusema nimevunja neno. Nimevunja kwa hali moja tu: mvua imenyesha na mimi nimetoka. Jedwali la ukweli ndilo hilo. Mistari minne, na mmoja tu una SI KWELI, ule ambao sehemu ya "kama" ni kweli na sehemu ya "basi" si kweli. 7 si shufwa, kwa hiyo ahadi haikuanza kazi na haikuvunjwa.

#26 Mabano
Kutovunja neno si sawa na kusema kweli. Hata aliyenyamaza hajavunja neno. 3c ingeandikwa HAIHUSIKI.

#27 Shufwa
Kwa mara ya kwanza niko na Mabano.

#28 Kalamu Nyekundu
Acheni ahadi, ahadi ni mambo ya watu. Tumieni 3a, ambayo nyote mmeikubali. Mnakubali ni kweli kwa kila namba, sio? Basi ni kweli kwa 8, kwa 6 na kwa 7.

8: inagawanyika kwa 4, na kwa 2 pia. Kweli na kweli.
6: kwa 4 haigawanyiki, kwa 2 inagawanyika. Si kweli, halafu kweli.
7: kwa 4 haigawanyiki, kwa 2 haigawanyiki. Si kweli na si kweli.

Ukisema mstari wa 6 au wa 7 ni SI KWELI, umeiua 3a. Ukisema HAIHUSIKI, basi 3a si kweli kwa kila namba tena. Jedwali halikuletwa kutuonea, ni bei ya kuweza kusema "kila". Na 3c ni ndugu wa mstari wa 7: si kweli na si kweli.

#29 Mabano
3a ina "namba", yaani namba yoyote. 3c inataja 7 peke yake. Unanitoza bei ya kitu ambacho sikununua.

#30 Mzee wa Kanuni
Vijana, ugomvi huu ni mkongwe. Filo wa Megara, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alisema kauli ya "kama... basi" ni kweli isipokuwa inapoanza na kweli na kuishia na si kweli. Ndilo jedwali la dogo. Mwalimu wake Diodorus Cronus alikataa, akataka isiwe imewahi wala isiweze kutokea kwamba "kama" ni kweli na "basi" si kweli. Mshairi Callimachus akawatania kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanabishana kuhusu hilo. Mjerumani Frege alipoipa mantiki sura mpya mwaka 1879 alichukua njia ya Filo, na vitabu vya shule vikafuata.

#31 Mabano
Basi mimi ni wa Diodorus.

#32 Mzee wa Kanuni
Haitakusaidia. 7 haijawahi kuwa shufwa na haiwezi kuwa. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha Diodorus 3c ni kweli. Kwa 3c Diodorus na mwanafunzi wake Filo wangekubaliana.

Unayemhitaji ni Chrysippus wa Wastoa, kundi jingine la wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Anahusishwa na msimamo kwamba kauli ni kweli pale tu kukana sehemu ya "basi" kunapogongana na sehemu ya "kama". Kusema 7 haizidi 100 hakugongani waziwazi na kusema 7 ni shufwa. Hapo 3c inaanguka. Na kwa hilo la HAIHUSIKI kuna mwanamantiki Łukasiewicz wa Poland, aliyetengeneza mantiki ya thamani tatu mwaka 1920, ingawa ile ya tatu aliiweka kwa mambo ambayo bado hayajaamuliwa, si kwa mambo kama 7.

#33 Mtu wa Nyuma
Mabano kapewa makocha watatu kwa bandiko moja na bado timu inafungwa.

#34 Shufwa
Nimehama, nimerudi kwa Kalamu. Angalieni, 3c inathibitishika kabisa, bila jedwali.

Tuseme 7 ni shufwa. 7 = 6 + 1 na 6 ni shufwa, basi 1 nayo ni shufwa. Yaani 1 = 2m, m ikiwa namba kamili chanya. Namba kamili chanya haipungui 1, kwa hiyo 2m haipungui 2. Basi 1 ≥ 2. Toa 1 pande zote: 0 ≥ 1. Zidisha kwa 100: 0 ≥ 100. Jumlisha 7: 7 ≥ 107. Na 107 ni kubwa kuliko 100. Kwa hiyo 7 ni kubwa kuliko 100. Imeisha.

#35 Mdadisi77
Nimeisoma nikitafuta kosa. Sijaliona.

#36 Kalamu Nyekundu
Halipo. Uongo mmoja ukiuingiza kwenye hesabu unakufikisha popote. Ndiyo maana ule mchezo maarufu wa kuthibitisha 2 = 1 unatisha. Anza na a = b. Zidisha kwa a: a² = ab. Toa b²: a² − b² = ab − b². Tenganisha: (a + b)(a − b) = b(a − b). Gawanya kwa (a − b): a + b = b. Na a ni b, basi 2b = b, 2 = 1. Chaki atafurahi, maana kosa ni kugawanya kwa a − b, ambayo ni sifuri.

#37 Chaki Nyeupe
Nimefurahi.

#38 Mabano
Shufwa #34, umekubali 7 ni shufwa halafu papo hapo unatumia 7 = 6 + 1. Kama 7 imekuwa shufwa, nani kakuhakikishia 6 + 1 bado ni 7? Umebadilisha tofali moja la ukuta na kudai mengine yamekaa pale pale.

#39 BintiHesabu
Hilo ni swali halali, msimcheke. Mantiki ya shule inasema ukweli wote wa zamani unabaki na huo uongo unaongezwa juu yake. Mazungumzo ya kawaida hayafanyi hivyo. Mtu akisema "kama ningekuwa wewe" tunahamisha na vingine ili vipatane. Jedwali la ukweli halijui habari hizo na halikutengenezwa kwa ajili yake.

#40 Tarakimu
Mimi nipo nje ya mada kidogo. Mnabishana kuhusu Filo wakati watoto hawajui 10 − 3 + 2. Kwa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanajumlisha kwanza kwa sababu JU iko kabla ya TO, wanapata 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa zina daraja moja, unakwenda kushoto kulia. Vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha.

#41 Mtu wa Nyuma
Basi tuambie na 8 ÷ 2(2 + 2).

#42 Tarakimu
16.

#43 Chaki Nyeupe
Imeandikwa vibaya. Anayeona 2(2 + 2) ni kitu kimoja atapata 1, anayefuata kushoto kulia atapata 16. Andika kwa mstari wa sehemu na ugomvi unakufa.

#44 Msimamizi
Hiyo ya 8 ÷ 2 ina nyuzi zake za kutosha. Ikiendelea hapa naifuta.

#45 Msomaji Kimya
Nimewasoma tangu mwanzo bila kuchangia. Kuna swali moja dogo la aljebra. Katika chuo fulani wanafunzi ni mara 6 ya walimu. F iwe idadi ya wanafunzi, L iwe idadi ya walimu. Andikeni mlinganyo. Msifikiri sana.

#46 Tarakimu
6F = L. Nyingine.

#47 Mtu wa Nyuma
Hata mimi wa nyuma naona 6F = L. Wanafunzi 6, mwalimu 1.

#48 BintiHesabu
Jaribuni na namba. Walimu 10, wanafunzi 60. 6 × 60 = 10? Ni F = 6L.

#49 Msomaji Kimya
Ndiyo yenyewe. Utafiti wa Clement, Lochhead na Monk, Marekani, uliochapishwa 1981, uliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Asilimia 37 walikosa, na kosa la kawaida lilikuwa hilo la kugeuza. Mtu anasoma F kama "wanafunzi" wakati ni "idadi ya wanafunzi". Herufi imekuwa lebo badala ya namba.

#50 Tarakimu
Sio lebo. Mimi nilifuata mpangilio wa maneno kutoka kushoto kwenda kulia. Wanafunzi, mara 6, walimu. Swali limepangwa kutega.

#51 Chaki Nyeupe
Darasani naona zote mbili. Dawa ni ile ya BintiHesabu, weka namba uone. Wanafunzi hawaipendi kwa sababu inaonekana ya kitoto.

#52 Msomaji Kimya
Kwa kuwa mmechangamka, hii inarudi kwenye mada. Peter Wason, mwanasaikolojia Mwingereza, 1966. Kadi 4 mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zinaonekana E, K, 4, 7. Kanuni: kama upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Mnageuza zipi, na hizo tu, ili kujua kama kanuni imefuatwa?

#53 Mdadisi77
E na 4.

#54 Shufwa
E peke yake.

#55 Mtu wa Nyuma
Zote, mkono unauma?

#56 Kalamu Nyekundu
E na 7. Jedwali la BintiHesabu #25: kanuni inavunjwa kwa hali moja tu, irabu upande huu na witiri upande ule. E inaweza kuficha witiri. 7 inaweza kuficha irabu. Kadi ya 4, hata ukikuta konsonanti nyuma, kanuni haijasema chochote kuhusu konsonanti. Mdadisi, ukigeuza 4 unasoma 3b badala ya 3a, mshale unaurudisha.

#57 Mdadisi77
Wallahi 3b nimeijibu vizuri pale juu halafu nimenaswa nayo hapa.

#58 Msomaji Kimya
Hauko peke yako. Wanaopata E na 7 kwa mara ya kwanza huwa wachache sana. Cha ajabu, watafiti Griggs na Cox huko Florida, 1982, walibadilisha kadi zikawa watu: anayekunywa bia lazima awe amevuka miaka 19. Unamkagua nani kati ya mwenye bia, mwenye soda, mwenye miaka 22 na mwenye 16? Hapo wengi walipata. Mantiki ni ile ile.

#59 Chaki Nyeupe
Ni mazoea. Kanuni ya umri wanaijua, ya irabu hawajawahi kukutana nayo.

#60 BintiHesabu
Mwanasaikolojia Leda Cosmides aliandika mwaka 1989 kwamba akili ya binadamu ni kali kwa kukamata anayedanganya katika makubaliano, si kwa mantiki tupu. Mimi naona pia lugha ya "lazima" inasaidia. Sheria inakuambia utafute mvunjaji, kanuni ya irabu inakuambia utafute mfano unaokubali.

#61 Kalamu Nyekundu
Au kadi za watu si swali lile lile. Kwa watu unauliza nani kavunja. Kwa herufi unauliza kama kanuni ni kweli. Ukilinganisha hayo mawili unalinganisha vitu tofauti.

#62 Mdadisi77
Hapo mtaniacha. Dogo kaleta la leo, mnisaidie kabla sijalala: "Thibitisha: kama n² ni shufwa, basi n ni shufwa."

#63 Kalamu Nyekundu
Usianzie kwenye n², utakwama kwenye kipeuo. Geuza na kukana: kama n si shufwa, basi n² si shufwa. Ni kauli ile ile kwa jedwali. n ikiwa witiri, n = 2k + 1. Basi n² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1. Witiri. Imekwisha.

#64 Chaki Nyeupe
Safi. Mwambie aandike mstari wa kwanza "tunathibitisha kwa kukana na kugeuza", wasahihishaji wanaupenda.

#65 Mabano
n = √2. n² = 2, ambayo ni shufwa. √2 si shufwa. Kauli si kweli.

#66 Chaki Nyeupe
Mabano, n ni namba kamili. Inajulikana.

#67 Mabano
Imeandikwa wapi?

#68 Mdadisi77
Nimesoma karatasi mbele na nyuma. Haijaandikwa.